Mapigo Mawili ya Nonie Talty

Nyumba ya Nonie Talty ilikuwa ya sita kwa siku, na nikifika nyumba ya sita mimi huwa sina tena adabu. Nasema ukweli. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kuanzia saa moja asubuhi: huyu nimwoshe, yule nimvalishe, mwingine nimpikie uji wa shayiri na kusimama pale mpaka ameze dawa. Kufika saa nane mchana mgongo umekwisha, na kati ya nyumba na nyumba ni mvua tupu. Ofisi inanipa dakika arobaini na tano kwa kila mtu. Sijui ni nani alikaa akapanga kwamba mtu wa miaka themanini na saba anavuliwa, anaoshwa, anavalishwa na kulishwa kwa dakika arobaini na tano, ila naamini hajawahi kumvua mzee soksi.

Nonie aliishi peke yake kule Kilcorran, upande wa baharini wa jimbo la Clare, nyumba ya mwisho kabla lami haijaisha. Hakuolewa. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa, akivuta hewa kwa mrija wa puani kutoka kwenye mashine iliyonguruma kutwa pembeni ya jiko. Miguu nayo ilivimba, daktari akaamuru ikae juu ya kigoda, mto chini yake na blanketi juu. Lakini mdomo wake haukuwa na ugonjwa wowote. Siku ya kwanza aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akaniuliza kama mimi si binti wa yule Hehir mpiga fidla. Nikasema ndiye. Akauliza fidla ya baba iko wapi. Nikasema iko juu ya kabati, yapata miaka kumi na minane sasa. Akasema basi ingekuwa heri mzee angezikwa nayo, angalau ingepata mtu wa kuishika.

Hakuwa na dogo, Nonie. Chai yangu nyepesi, mkate wangu wa magadi mgumu, mikono yangu baridi, gari langu linapiga kelele. Nilimvumilia kwa sababu nalipwa, na kwa sababu nyumba ya saba ilikuwa mbaya zaidi.

Mwezi wa kumi, daktari alipokwisha kumwambia kwamba asitegemee sana kufika masika, ndipo alipolileta neno lake. Alikuwa na kaka, Murty, aliyekwenda Uingereza kuchimba mahandaki ya treni akafia huko akiwa na miaka ishirini na tisa. Murty alikuwa mpiga fidla, na alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe, wa kuchezea densi. Hakuna aliyewahi kuunasa kwenye mashine, na fidla yake haikurudi. Wimbo ulibaki kichwani mwa Nonie peke yake, miaka sitini na ushei.

"Nataka niusikie kwenye fidla kabla sijafa," akaniambia. "Kama ulivyokuwa. Mara moja tu. Sitaki kingine chochote kwako, hata hiyo chai yako."

Nikamwambia, Bibi Nonie, mimi nimechoka. Akasema hata yeye amechoka, na yeye ndiye anayekufa, kwa hiyo tusishindane. Nikamwambia wapo vijana wanaopiga fidla vizuri kuliko mimi. Akasema vijana hao hawamvui soksi kila siku. Nikaona sina pa kutokea.

Jioni ile nikaishusha fidla ya baba, ile aliyonifundishia nikiwa mtoto. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na upinde umelegea. Nikaipeleka kutengenezwa, nikijilaani njia nzima.

Tulianza mwezi wa kumi na moja. Nikawa namwosha na kumvalisha kwa dakika thelathini, naiba zile kumi na tano zilizobaki. Yeye anaimba kwa ulimi, namna wanawake wa rika lake walivyoimba, bila maneno, didl-di na dai-di tu, mimi nashika kipande kwa kipande. Hakuna cha karatasi. Kwetu ukiomba uandikiwe unaonekana mgeni, na Nonie asingeweza kuandika wimbo hata angetaka. Anaimba kipande kimoja kifupi, anapumzika, anatazama dirishani mpaka kifua kitulie, anaimba tena kile kile. Nikikosea alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa.

Wimbo ulikuwa na pande mbili, na kila upande unapigwa mara mbili, kama nyimbo zetu zote za densi. Upande wa kwanza niliupata kwa wiki moja. Wa pili ulinitoa jasho. Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa kwa maji ya moto na sabuni za wazee. Mazoezi niliyafanya garini mchana, nimeegesha kwenye kiwanja cha mpira cha parokia, sandwichi ya hemu pajani, fidla begani, kiwiko kinagonga mlango. Wakati mwingine usingizi ulinichukua katikati ya wimbo, nikaamshwa na upinde ukianguka. Nyumbani nilikuwa nikifika nalala na nguo.

Halafu kulikuwa na pale mahali. Katikati ya upande wa pili, wimbo ukiwa umepanda juu kabisa, Nonie alikuwa anakata. Kimya cha mapigo mawili. Kisha anaendelea kutoka chini kana kwamba hakukutokea kitu. Mara ya kwanza nilidhani anakosa hewa, nikaangalia mrija, nikamvika kile kipimo cha hewa cha kidoleni. Akanipiga kikofi cha mkono, akaniambia nishike fidla. Akaimba tena, akakata pale pale.

Mimi nikajijibu mwenyewe: maskini, pumzi inamwishia. Kwa sababu hakuna mpiga fidla wa kwetu anayenyamaza katikati ya wimbo wa densi. Sisi hatunyamazi. Wimbo ukianza unakwenda kama maji ya mfereji mpaka mwisho, na ukifika mwisho unaingia kwenye mwingine bila kuvuta pumzi. Murty alipiga fidla, fidla haina mapafu, basi hapo Murty alikuwa na kitu, na Nonie kakipoteza kwa kifua chake kibovu. Ndivyo nilivyoona. Sikumuuliza. Ukiwa umechoka huulizi swali ambalo jibu lake litakuongezea kazi. Saa ilikuwa ukutani, nyumba ya saba inanisubiri, na kulijaza lile tundu mwenyewe kulikuwa rahisi kuliko kukaa nikamsikiliza bibi akihema.

Nikalijaza. Sauti nne za haraka, zinateremka kutoka juu kule mpaka chini anapoanzia tena. Nilizipata garini mchana mmoja, nikazipiga mara ishirini. Zilikuwa tamu. Nilijiona mimi ndiye mimi.

Kosa langu la pili ni kwamba sikuweza kungoja. Jumapili ile alasiri nikaenda kwenye kikao cha muziki katika baa ya Marrinan. Sikuwa nimekanyaga pale tangu msiba wa baba. Walinipa kiti bila maneno mengi, wakanipa chai, na palipotokea mwanya nikaupiga wimbo wa Murty, na zile sauti zangu nne ndani yake. Mara ya kwanza niliupiga peke yangu. Mara ya pili wawili watatu wakaanza kuugusagusa pembeni. Mara ya tatu nusu ya baa ilikuwa nao. Nilipomaliza Fiachra Considine akaniuliza nimeutoa kwa nani, maana kwetu wimbo lazima useme umeutoa kwa nani, na ukishasema basi wimbo unabeba jina hilo. Nikasema nimeutoa kwa Nonie Talty. Tangu siku hiyo ukaitwa Wa Nonie Talty.

Huyu Fiachra ni kijana mwema. Ndiye anayewafundisha watoto wa parokia fidla, kila Jumanne, katika ukumbi wa shule. Alikuwa ameshaunasa kwenye simu yake kabla sijaweka upinde chini.

Jumatatu nikampigia Nonie wimbo wake. Nilikuwa nimejipanga, nimepaka nta kwenye upinde, nimevuta kiti mbele yake. Nikapiga upande wa kwanza mara mbili, na nikaona macho yake yamelowa. Nikapiga upande wa pili. Nilipopita pale mahali uso wake ukabadilika. Nilipopita mara ya pili akainua mkono nisimame.

"Si wenyewe," akasema.

Nikamuuliza una nini. Akasema pale umepajaza. Nikamweleza kwa upole, ule upole wetu wa kazini ambao sisi wenyewe tukiusikia unatuchefua, kwamba pale yeye hukosa pumzi, si kosa lake, na mimi nimerudisha kilichokuwepo. Akasema kifua chake kinajua kazi yake. Akataka kuendelea, akashikwa na kikohozi, kikohozi kile kirefu kinachomfanya mtu awe wa bluu midomoni. Nikamwinua, nikamshika mgongo, nikaongeza hewa kwenye mashine. Simu ikalia, ofisi, nyumba ya saba wanauliza niko wapi. Nonie alikuwa anatingisha kichwa, anaonyesha kidole chini, kuelekea blanketi. Nikadhani anasema miguu inamuuma. Nikauweka sawa mto, nikaondoka.

Hapo ndipo ningeweza kurudi nyuma. Ningekaa dakika kumi tu. Dakika kumi zile sasa naziona kila siku, lakini siku ile nilikuwa na njaa, na mvua ilikuwa inaingia garini kwenye kioo kisichofunga, na moyoni nilikuwa nimekasirika kwamba mtu nimemfanyia yote haya na hata ahsante hana.

Jumamosi iliyofuata redio ya hapa kwetu ilikuwa na kipindi chake cha muziki, na Nonie alikuwa hakikosi hata siku moja. Fiachra alikwenda na wanafunzi wake kumi. Wakapiga Wa Nonie Talty. Mtangazaji akalitaja jina lake, akasema wimbo huu umeokolewa na bibi mmoja wa Kilcorran, akamtakia heri. Na watoto wakaupiga wote kwa pamoja, safi, pale mahali pamejazwa na fidla kumi na moja.

Jumatatu nilipoingia nilitegemea nimkute anacheka. Hakuniangalia. Nikamsalimu, akageukia dirisha. Nikamwosha, akaniachia mwili wake kama nguo. Hakusema chai ni nyepesi, na hakusema mikono ni baridi. Nonie akinyamaza ni ugonjwa, nikampima joto. Halikuwa na shida. Siku tatu, siku nne, wiki nzima, Krismasi ikapita, neno hakuna. Nikachukia. Nikasema na ninyamaziwe basi, wako wengine kumi wanaonipigia kelele.

Ilikuwa katikati ya mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, miguu yake ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, naiosha mmoja mmoja kwa sababu ngozi ilikuwa imekuwa laini na ikikwaruzwa haiponi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba paji la uso langu lilikuwa karibu kugusa goti lake. Na yeye, nadhani alisinzia, au alisahau kwamba ameninunia, akaanza kuuimba ule wimbo chini kwa chini, kwa pua karibu. Upande wa kwanza. Upande wa pili. Ukapanda. Ukakata.

Na kisigino chake kikagonga kiganja changu ndani ya maji. Mara mbili.

Kisha akaendelea.

Nikabaki vile vile, nimeshika mguu. Sikusogea. Upande wa pili ukarudi, nikangoja, ukapanda, ukakata, na kisigino kikagonga tena, mara mbili, kwa nguvu ambayo sikujua kwamba bado anayo. Wiki zote zile kilikuwa kinagonga. Kilikuwa kinagonga mto, chini ya blanketi, nami nimekaa mbele yake na fidla, namhurumia pumzi.

"Bibi Nonie," nikasema, "hapo pana nini?"

Alifumbua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, nikaona anapima kama ninastahili.

"Ni mimi hapo," akasema.

Halafu akanieleza, kidogo kidogo, anasimama kuvuta hewa, anaanza tena, na mimi magotini maji yanapoa. Nyumbani mwao fidla ilikuwa moja, na baba yao alisema ni ya Murty. Msichana hana kazi na fidla. Nonie aliigusa mara mbili na mara zote mbili alichapwa. Murty alikuwa akipiga jikoni humu humu, watu wakija kucheza, na Nonie kazi yake kugawa chai. Murty alipoutunga wimbo wake, akamwambia dada yake, nitakuachia mahali. Akakata pale, mapigo mawili, na Nonie popote alipo, na birika mkononi, akapiga kisigino kwenye jiwe la sakafu, mara mbili, Murty akaendelea. Baba yao hakuweza kusema kitu. Nani atamkataza mtu kupiga mguu?

"Watu walikuwa wanakuja mpaka kutoka Mullagh kusikia," akasema. "Yeye anakata, mimi napiga. Hapo ndipo mimi nilipo, binti Hehir. Katika wimbo wote ule. Sina pengine. Na wewe umepajaza, ukaupa jina langu, ukauacha upelekwe redioni."

Roho iliniuma vibaya. Nililia, na sikujificha, machozi yakaingia kwenye maji ya miguu. Si kwa ajili yake peke yake, nisijipambe. Nililia na kwa uchovu, na kwa aibu kwamba nimekuwa mtu ambaye anamshika mwenzake mguu kila siku kwa miezi na hajui mguu huo unasema nini. Nonie aliniacha nilie. Kisha akaniambia nimkaushe, anashikwa na baridi.

Nikaichukua fidla garini. Simu nikaizima, nyumba ya saba ingoje, na ofisi iseme itakavyosema. Nikaondoa kigoda, nikaondoa mto, nikaweka miguu yake mitupu juu ya jiwe la sakafu. Kinyume na amri ya daktari. Nikapiga. Upande wa kwanza mara mbili, upande wa pili, nikapanda, nikauinua upinde kutoka kwenye nyuzi.

Alipiga. Jiwe lilisikika jiko zima.

Nikaendelea. Tulizunguka mara tatu, kwa hiyo mara sita nilimwachia, na mara zote sita alikuwepo, ya mwisho kwa shida, akiwa ameshika mikono ya kiti. Alikuwa anahema mpaka nikaogopa. Uso wake sitausema ulikuwaje. Alipopata sauti akasema, "Basi. Huo ndio." Akafumba macho. Baadaye kidogo akaongeza kwamba upande wa kwanza naukimbiza.

Nilipokuwa namrudishia soksi aliniomba jambo. Nimwambie yule kijana. Wapaache wazi. Hakutaka kingine. Nikamwahidi.

Nilimpigia Fiachra simu siku ile ile, nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza. Akasema ni hadithi nzuri mno, dada Assumpta, angeomba aiseme siku moja jukwaani. Lakini watoto wameshaushika. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi anyamaze katikati ya wimbo, mmoja atanyamaza, tisa watapita, itakuwa vurugu. Wameshauingiza mashindanoni, na watu wa mji wa pili nao wanao, wameuchukua redioni. Na kisha akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kusema kweli zile sauti nne pale ndizo tamu kuliko zote katika wimbo mzima.

Sikumwambia ni zangu.

Nonie aliniuliza kama nimemwambia. Nikasema nimemwambia. Akaridhika, akaanza tena na chai yangu. Aliulizia mara mbili zaidi, na mara zote nilijibu vile vile. Mwishoni mwa mwezi wa pili akapelekwa hospitali mjini Ennis na hakurudi. Nilikwenda kumwona Jumapili moja, hakuweza kusema, nikamshika mguu juu ya shuka nikakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Alizikwa siku ya Jumanne, saa tano asubuhi. Ofisi ilinipa ruhusa ya muda wa saa mbili. Kanisa lilikuwa limejaa nusu, wengi majirani, na kwenye viti vya mbele, upande wa kushoto, Fiachra na watoto wake kumi, wamechana nywele, fidla mapajani. Ndiyo desturi, mpiga muziki au mtu wa muziki anasindikizwa kwa muziki, na padri alikuwa amewaomba wapige wimbo wenye jina lake jeneza likiwa linatoka. Fiachra akanipungia mkono niende nikae nao. Nikaenda na fidla ya baba, nikakaa mwisho wa mstari.

Niliwaza nimwambie tena, pale pale, kwa kunong'ona. Nikawatazama wale watoto, jinsi walivyokuwa na hofu ya kukosea mbele ya jeneza, na wazazi wao wamesimama nyuma na simu mkononi. Sikuwa na nguvu.

Wanaume sita wakamwinua. Tukaanza. Upande wa kwanza mara mbili, polepole kuliko kawaida, vizuri. Upande wa pili ukapanda, nikauinua upinde wangu. Mmoja anayenyamaza kati ya fidla kumi na mbili hasikiki. Wote wakapita, ta-ra-ra-ra, zikateremka sauti zangu nne, juu ya Nonie, katika kanisa lake mwenyewe, na jeneza ndiyo kwanza linageuzwa kuelekea mlangoni. Sijawahi kuchukia kitu nilichokifanya kama nilivyozichukia zile sauti nne.

Upande wa pili ukarudi. Ukapanda. Nikauinua upinde, na sijui niseme nilipanga au sikupanga, nikapiga kisigino kwenye vigae vya kanisa. Mara mbili, kwa nguvu zangu zote. Padri akageuka. Mama mmoja nyuma yangu akashtuka. Fiachra akaniangalia, na nikaona uso wake umefunguka, akatabasamu. Hadithi niliyompa simuni nadhani haikumjia; alidhani nimekolewa. Alidhani hivyo ndivyo tunavyofanya sisi wakubwa.

Tukaanza mzunguko wa pili, tukafika pale, nikapiga, na yeye akapiga. Hakuuliza kitu. Katika marudio binti aliyekaa karibu naye akapiga, na mwenzake wa pili, wanatazamana, wanabana kicheko cha woga. Ndivyo tunavyojifunza kwetu. Unamwona mwenzako anafanya, unafanya.

Mzunguko wa tatu jeneza lilikuwa limefika mlangoni. Upande wa pili ukapanda, na watu kumi na mbili wakapiga kisigino kwa pamoja kwenye vigae, mara mbili, mpaka wabebaji wakasita hatua. Marudio yakaja wakapiga tena, na safari hii majirani kwenye viti nao wakapiga, wazee, watu wa Mullagh, wote. Watoto hawakuwa wameacha kupiga fidla. Zile sauti zangu nne zilikuwemo humo chini, nina hakika zilikuwemo. Sikuzisikia.